Toleo la Saba

Jumatatu, 3 Machi

Mjomba,

Daftari limefika. Limo ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya bahasha, bahasha ndani ya gazeti, na juu ya gazeti umezungusha gundi ya kutosha kufungia mlango. Nimelifungua kwa kisu cha mkate. Ama kweli wewe ni mtu wa vifurushi.

Nimelisoma lote, kurasa thelathini na moja, pamoja na ule ukurasa wenye orodha ya sokoni ya mkaza mjomba. Sasa nimeelewa kwa nini kila ukitaka kutoa toleo jipya la Kipimo unatoweka jioni nzima na simu haipokelewi. Miaka kumi na moja unaijenga ile programu, unaifunga kuwa kifurushi, unaitia sahihi, unaipandisha mtandaoni, yote kwa mkono wako, kwenye kompyuta moja iliyo juu ya meza ya kulia chakula. Vituo vya afya hamsini na tatu vinaitegemea. Muuguzi anaandika uzito wa mtoto, programu inamwambia ampe dawa kiasi gani. Ni programu huria, mtu yeyote anaruhusiwa kuusoma msimbo wake na kuurekebisha, lakini wa kuigeuza kuwa kitu cha kuwekwa kwenye kompyuta ya zahanati ni wewe peke yako. Sikutishi, ila ungeteleza bafuni siku moja tungekuwa na kazi.

Ndiyo maana nimefurahi ulipokubali. Nitayaandika maagizo ya daftari kwa lugha ya mashine, yote, moja baada ya jingine. Kuanzia hapo mtu atabonyeza mara moja tu: kompyuta ya mtandaoni itajenga, itajaribu, itafunga, itatia sahihi na kutoa. Wewe utakuwa hospitalini umemshika mkeo mkono kama waume wengine wanavyofanya.

Nina vijiswali. Ukurasa wa tisa umeandika "subiri feni inyamaze". Hilo nimeliacha, mashine yangu feni yake iko nchi nyingine. Hapohapo mstari wa nne unasema "jenga" na wa tano nao unasema "jenga". Nadhani mkono ulikuwa umechoka, nimeufuta wa tano. Ukurasa wa kumi na mbili kuna neno limelowa chai, ni "sahihi" au "safisha"?

Nijibu mapema. Mama kanipigia mara mbili kuulizia toleo la saba, na unajua Mama hapigi mara mbili bure.

Wako,
Chapchap
(jina mlinipa wenyewe, sasa livumilieni)


Jumatano, 5 Machi

Chapchap mpwa wangu,

Nakuandikia kwa kidole kimoja. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki, mkononi nina namba sitini na nne, na mlangoni wanaita ya ishirini. Nyonga ya mkaza mjomba wako itapasuliwa Jumatatu. Yeye ametulia, anawachekesha wagonjwa wenzake. Mimi ndiye presha imepanda, mpaka muuguzi ameniuliza kama nami nimekuja kulazwa.

Neno lililolowa ni "sahihi". Mengine fanya unavyoona. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye foleni ya vipimo, mtu wa nyuma ananisukuma kwa faili. Ukikuta kitu cha ajabu ajabu humo kwenye daftari, usinicheke. Mimi ni mfamasia, kompyuta nilijifunza ukubwani.

Sasa tega sikio, maana hapa sitanii. Kiwanda kinacholeta dawa ya degedege ya watoto kimebadilisha chupa. Dawa ni ileile, rangi ileile, ladha ileile, lakini sasa ina nguvu mara mbili. Jedwali la dozi lililomo ndani ya toleo la sita ni la chupa ya zamani. Mtoto wa kilo nne akipewa dawa ya chupa mpya kwa jedwali la zamani, anakuwa amepewa maradufu, na mwili wa kilo nne hauna pa kuiweka hiyo ya ziada. Mtoto analala, halafu anasahau kupumua.

Jedwali jipya nimeshaliandika. Nimelikagua mara tatu, na daktari wa watoto amelikagua baada yangu. Vituo vyote vimeambiwa hivi: chupa mpya zikae kabatini, zisifunguliwe, mpaka waone maneno "toleo la saba" kwenye kioo cha kompyuta. Wakishayaona, ruksa. Za zamani zinaelekea kuisha. Mama yako kituoni kwake amebakiza mbili.

Kwa hiyo nakukabidhi kazi roho ikiwa juu. Nakuamini, usije ukadhani sikuamini. Ni kwamba nimezoea kushika mwenyewe.

Wanaita thelathini na moja.

Mjomba wako


Jumatatu, 10 Machi

Mjomba,

Pole na hongera kwa pamoja. Mama ameniambia upasuaji umeisha salama na kwamba uliangua kilio kwenye ukumbi mbele za watu. Mpe mgonjwa busu, na wewe jifute.

Mimi nami nimejifungua leo. Saa nne asubuhi nilibonyeza. Mara moja tu! Nikawa nazunguka chumbani na kikombe changu, maana kuangalia nilishindwa. Hapa nilipokodi meza ya kazi ni juu ya duka la fundi simu, na yule fundi alipaza sauti kutoka chini akauliza nani anatembeatembea kichwani mwake. Niliporudi kwenye kioo alama zote zilikuwa za kijani. Imejenga, imejaribu, imefunga, imetia sahihi, imetoa. Dakika saba, Mjomba. Kazi iliyokuwa inakula jioni yako nzima.

Mpaka mchana huu vituo ishirini na sita vimeshalipakua. Wenzetu wanaojitolea wamenipongeza mpaka nikaona haya. Mama naye ameniandikia ujumbe wa maneno matatu: "Nimeliona. Hongera."

Nikuambie ukweli? Sina raha. Kila baada ya muda naingia kuangalia kama zile alama bado za kijani, utadhani zinaweza kugeuka nikizipa mgongo. Jambo likienda laini hivi mimi huwa natafuta nilipokosea. Lakini majaribio yote mia mbili na kumi yamepita, na jedwali jipya limo kwenye majaribio, nimeliona kwa macho yangu: mtoto wa kilo nne, mililita moja.

Niambie nitulie.

Chapchap


Alhamisi, 13 Machi

Kaka,

Hii ni yako peke yako. Usimwonyeshe mtoto wangu, na usimpigie kabla hujaimaliza.

Jana asubuhi mama mmoja kijana alikuja mbio na mtoto aliyetoka kwenye degedege. Wiki saba, wa kiume, kilo nne na gramu mia mbili. Nilimpima mwenyewe, mara mbili, maana alikuwa na soksi. Chupa za zamani zilikwisha Jumanne. Toleo la saba lilikuwa kwenye kioo. Nikafungua chupa mpya.

Nikaandika uzito. Programu ikasema mililita mbili.

Kaka, nilisita. Miaka yote mtoto wa kilo nne nimempa mbili, na safari hii nilitarajia kuona moja. Nikaangalia tena juu ya kioo: toleo la saba. Nikajiambia watu wamepiga hesabu zao, pengine hii nguvu mpya haihesabiwi ninavyodhani. Na nikajiambia kitu kingine, ambacho kwako sitaki kukificha. Nilijiambia kwamba mwanangu ndiye aliyelitoa. Nikampa mbili.

Saa moja baadaye mama yake aliniita, akasema mbona amelala hivi. Mdomo ulikuwa umegeuka rangi. Tulimpampu hewa kwa mfuko na barakoa, mimi na mwenzangu tukipokezana, dakika arobaini mpaka gari likaja, na ndani ya gari tukaendelea. Yuko hospitali ya rufaa. Anapumua kwa mashine. Hajafungua macho.

Mganga mkuu anataka taarifa ya maandishi mezani kwake Jumanne. Niambie nilichokosea. Kama jedwali ni sahihi basi ni mimi, na nitalibeba. Kama si sahihi niambie hivyohivyo. Ila mwanangu asijue. Hata kula ataacha, unamjua.

Mdogo wako


Ijumaa, 14 Machi

Mdogo wangu,

Hukukosea.

Nimekwenda kwa karani wa masijala hapa hospitalini nikamwomba kompyuta yake kwa nusu saa, nikakipakua kifurushi, nikakifungua. Lililomo ndani ya toleo la saba ni jedwali la toleo la sita. Jina jipya, tumbo la zamani. Nilikaa pale nikiangalia tarakimu mpaka karani akaniuliza kama nimefiwa.

Kosa ni langu. Toka mwaka wa pili nilijua kuwa programu ile lazima ijengwe mara mbili. Ujenzi wa kwanza unafunga jedwali unalolikuta, yaani la zamani, halafu ndipo unatengeneza jipya na kuliweka pembeni. Ukijenga tena, ndipo jipya linaingia. Ni kasoro ndogo tu, fundi wa kweli angeirekebisha asubuhi moja. Mimi niliona rahisi kujenga mara mbili, nikazoea. Kwenye daftari nikaandika "jenga", chini yake "jenga", na sababu sikuiandika. Niliona haya. Nilijua siku moja kijana atalisoma, nikaogopa atacheka.

Na mwanao aliniuliza! Aliniandikia wazi kwamba ameufuta mstari wa tano. Barua niliisoma wima, kichwa kiko kwa mke wangu, nikamjibu afanye anavyoona.

Leo hii hii namwambia atoe toleo jingine lenye jedwali sahihi. Nitamwambia ni marekebisho madogo. Akilitoa, vituo vitalipakua, na jambo litakuwa limezimika bila yeye kujua. Wewe usiandike neno lolote kwenye taarifa mpaka tuongee.

Kaka yako


Ijumaa, 14 Machi

Chapchap,

Urudishe ule mstari wa tano. Jenga mara mbili. Kisha toa toleo la saba nukta moja, leo. Kwenye maelezo andika "marekebisho madogo".

Mengine tutaongea.

Mjomba


Ijumaa, 14 Machi

Mjomba,

Nimefanya. Mara mbili, kama ulivyosema, na imechukua dakika kumi na nne. Saba nukta moja liko hewani toka saa tisa na nusu, na nimeandika "marekebisho madogo" ingawa sijui nimerekebisha nini.

Umeniandikia mistari minne bila utani hata mmoja. Wewe hata ukiumwa jino unaleta utani. Umenikasirikia? Kama nimekosea kitu niambie nikosolewe, nitakufa? Mama naye toka juzi hapokei simu. Anajibu kwa ujumbe: "nipo kazini", "nitakupigia", hapigi.

Mgonjwa yuko salama? Angalau hilo nijibu.

Chapchap


Jumatatu, 17 Machi

Mjomba,

Siku tatu hujajibu, basi nimejitafutia majibu mwenyewe. Nimevifungua vifurushi vyote viwili, cha saba na cha saba nukta moja, nikavilinganisha faili kwa faili. Faili elfu moja na mia tatu ni sawasawa. Moja tu ni tofauti.

Umeshajua ni lipi.

Yale majaribio yangu yalikuwa yanakagua jedwali lililotengenezwa, hayakukagua lililofungwa. Niliziangalia alama za kijani na kuzishangilia kama mjinga, na jedwali jipya limekaa pembeni, halijaingia. Toleo la saba linamwambia muuguzi ampe mtoto wa kilo nne mililita mbili za chupa mpya. Na ni lilelile linalompa ruksa ya kuifungua. Tusingetoa chochote, chupa zingekaa kabatini. Mimi ndiye nimezifungua.

Vituo thelathini na nane vilipakua la saba. Vilivyopakua la saba nukta moja ni kumi na moja. Wengine ishirini na saba hawana haraka, na kwa nini wawe na haraka? Nimewaambia ni marekebisho madogo.

Nimefuta sentensi hii mara nne. Kuna mtu ameumia? Usinibembeleze. Ndiyo au hapana.

Chapchap


Jumanne, 18 Machi

Mwanangu mpenzi,

Mjomba wako kaniambia unahangaika. Mimi mzima kabisa, ni kazi tu zilinizidi, na sasa nimechukua likizo kidogo nipumzishe miguu. Nimesafisha kabati, nimepata ile sweta yako ya shule uliyolia imepotea, kumbe ilikuwa nyuma ya mashuka. Nimepaka rangi kiti cha jikoni. Jirani ananiuliza nimestaafu nini, namwambia bado mwaka mmoja, mama, nivumilie.

Kula vizuri. Usikae na kompyuta mchana kutwa, mgongo utapinda. Na mambo ya zahanati tuachie sisi wa zahanati, tuna njia zetu. Kila kitu kiko sawa.

Mama yako


Jumanne, 18 Machi

Kaka,

Taarifa nimeipeleka leo asubuhi. Nimeandika kwamba nilisoma uzito vibaya, nikaandika kilo nane badala ya nne. Nimeweka sahihi.

Usinifokee. Nimefikiri siku nne. Mimi nimebakiza mwaka mmoja, na miguu ilishaniambia nikae chini zamani. Mwanangu ndiyo anaanza. Likishaandikwa kwenye mtandao jambo kama hili halifutiki, kila atakapoomba kazi watalikuta, na hata wasipolikuta yeye mwenyewe atajiandikia humo kichwani mwake. Mganga mkuu alisoma, akasema hakutegemea. Amenisimamisha mpaka kamati ikae. Nimemwandikia mwanangu kwamba niko likizo.

Mvulana ametolewa kwenye mashine tangu jana. Amefungua macho, ila kunyonya hawezi. Nilikwenda mpaka mlangoni. Mama yake aliniona, akageukia ukutani.

Mdogo wako


Alhamisi, 20 Machi

Chapchap, mpwa wangu,

Umeniuliza ndiyo au hapana. Ndiyo.

Nimekutumia hapa chini barua zote za mama yako na zangu, bila kukata kitu. Nilimwahidi sitakuonyesha. Nimevunja ahadi, na nitaishi na hasira yake. Zisome, kisha urudi hapa.

Sasa nisikilize. Leo saa mbili asubuhi ofisi ya dawa imetuma waraka kwa vituo vyote. Unasema tukio lililotokea lilikuwa kosa la muuguzi kuandika uzito, programu imeonekana haina tatizo, waendelee kulitumia toleo la saba kama kawaida. Wameuandika kwa kufuata taarifa ya mama yako. Mwanangu, tulidhani tunakufunika wewe, kumbe tumewafunika macho vituo ishirini na saba. Uongo wa mama yako ni wa mapenzi, wangu ni wa aibu, na mtoto wa kilo nne haoni tofauti.

Onyo kwenye ukurasa wa matangazo wa Kipimo ningeliandika mimi, Mungu ananiona. Lakini funguo nilikukabidhi zote, na hapa nilipo nina simu hii na kidole hiki. Nikipiga simu kituo kimoja kimoja nitamaliza kesho.

Najua nakuomba nini. Ukiisema kweli, taarifa ya mama yako inakuwa ya uongo mbele ya kamati. Ukinyamaza, unga wake umeshamwagika lakini jina lako liko safi. Sikuamulii. Naogopa hata kukuamulia. Nimeanza kupiga simu, niko kituo cha tatu.

Mjomba wako


Alhamisi, 20 Machi, saa nne na dakika ishirini asubuhi

Kwa wauguzi, waganga na wafamasia wa vituo vyote vinavyotumia Kipimo

Acheni kutumia toleo la saba sasa hivi. Kama dawa ya degedege ya chupa mpya iko mkononi, iwekeni chini kwanza, kisha someni.

Toleo la saba lina jedwali la dozi la chupa ya zamani. Kwa chupa mpya linatoa dozi mara mbili ya inayotakiwa. Mtoto mmoja wa wiki saba amepewa dozi hiyo, akaacha kupumua, na bado amelazwa. Kama kuna mtoto mmempa dawa ya chupa mpya tangu tarehe 10 Machi, mtafuteni leo.

Toleo la saba nukta moja ni sahihi. Nililiita "marekebisho madogo". Hayakuwa madogo, na nawaomba radhi kwa neno hilo. Hata baada ya kulipakua, hakikisheni: andikeni mtoto wa kilo nne. Ikitoka mililita moja, ni salama. Ikitoka mbili, zimeni kompyuta.

Chanzo cha kosa: programu hii hujengwa mara mbili kabla ya kufungwa. Nilipoiandikia mashine maagizo niliuona mstari wa pili, nikadhani umeandikwa kwa bahati mbaya, nikaufuta. Sikujaribu kifurushi chenyewe kabla ya kukitoa. Mstari ulikuwa mmoja na mkono ulioufuta ni wangu.

Waraka wa ofisi ya dawa wa leo asubuhi si sahihi. Muuguzi aliyempa mtoto huyo dawa hakukosea uzito. Alimpima mara mbili, akaandika kilo nne na gramu mia mbili, akafuata programu yangu. Aliyoyaandika kwenye taarifa aliyaandika ili kunilinda. Muuguzi huyo ni mama yangu. Nalisema mwenyewe ili msilisikie kwingine.

Mimi niliyelitoa toleo la saba


Jumapili, 23 Machi

Mwanangu,

Siku tatu sikujibu kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na hasira yangu unaijua, ikija haina mlango. Mjomba wako nimemkatia simu mara tano. Ya sita nimempokelea nikamwambia mkewe akipona nitakuja kumvunja yeye nyonga.

Tangazo lako sikulisoma. Nilisomewa. Mganga mkuu aliniita Ijumaa, akanikalisha mbele ya kamati, akalisoma neno kwa neno na miwani yake puani. Alipofika kwenye "ni mama yangu" akavua miwani. Mezani alikuwa na karatasi mbili, taarifa yangu na tangazo lako. Akaniuliza katika hizi ipi ni ya kweli. Nikazitazama zote mbili. Nilikuwa naweza bado kusema ni yangu. Nikasema ya mwanangu.

Kwa dozi hawakunikuta na kosa. Kwa taarifa ya uongo nimekutwa nalo, na sina la kujitetea, maana ofisi iliwaambia watu waendelee kwa sababu ya sahihi yangu. Nimeachishwa. Mwaka uliobaki hautakuwepo. Nilipotoka mwenzangu alinisindikiza mpaka getini amenibebea begi.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimekununia wewe. Nilisema, nimemfunika, kajifunua, tena kanifunua na mimi.

Jana mchana simu ikalia, namba nisiyoijua. Muuguzi wa kituo cha mbali, sauti ya msichana. Akauliza kama ni mimi yule mama wa tangazo. Akaniambia Alhamisi, saa nne na nusu asubuhi, alikuwa na mtoto wa kilo tatu na nusu mapajani mwa mama yake. Waraka wa ofisi ameubandika ukutani. Chupa mpya ameifungua, sirinji ameshaijaza, mtoto ameshafunguliwa mdomo. Mwenzake akaingia na simu mkononi anasoma kwa sauti. Ile dawa akaimwaga kwenye sinki, akakaa sakafuni. Alitaka tu kushukuru na hakujua amshukuru nani. Akaniuliza kama huyo aliyeandika ni mtu mzuri. Nilijaribu kujibu, nikalia, nikakata simu bila kumuaga.

Mvulana wetu ameanza kunyonya, kidogo kidogo, anachoka haraka. Daktari anasema kama kuna kilichoharibika kichwani hatuwezi kukijua sasa, tutakijua atakapofika umri wa kukaa. Miezi minne, mitano. Mama yake hataki kuniona, nami simlaumu. Kila asubuhi nampigia muuguzi wa wodi namuulizia. Nitakuwa naulizia. Wewe nawe utakuwa unaulizia, najua, na hilo siwezi kukubebea tena.

Hasira bado iko, imebaki kidogo. Njoo nyumbani, siku yoyote, saa yoyote. Huna haja ya kuniuliza kwanza nina zamu gani.

Mama yako